Usiku wa Giza wa Yohane wa Msalaba si jina la kila huzuni

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekuwa mtu wa sala kwa miaka 11. Tangu mwaka jana sala imenikaukia. Nashika rozari, midomo inatembea, moyo haupo. Rafiki yangu mmoja ameniambia niko katika "usiku wa giza wa roho" alioandika Mtakatifu Yohane wa Msalaba, na kwamba nishukuru Mungu. Mwingine anasema hiyo ni sonona, nimwone daktari. Huyu Yohane alikuwa nani? Alimaanisha nini hasa? Na nikitaka kumsoma, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Huenda rafiki zako wote wawili wamesema kweli, na Yohane mwenyewe asingeshangaa. Alijua ugonjwa wa huzuni. Wakati wake waliuita melankolia, naye aliutaja kwa jina katika kitabu hichohicho cha usiku. Nitafika hapo. Lakini niruhusu nianze na mtu mwenyewe, kwa sababu maneno "usiku wa giza" yamezunguka sana bila mwenyewe, na kila mtu sasa anayatumia apendavyo.

Alizaliwa mwaka 1542 Fontiveros, kijiji cha uwanda wa Castilla huko Hispania, si mbali na mji wa Ávila. Jina lake lilikuwa Juan de Yepes. Baba yake, Gonzalo, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa hariri, akampenda Catalina Álvarez, mfumaji asiye na kitu. Alipomwoa, ndugu zake wakamtenga, naye akajifunza kufuma kwa mkewe. Gonzalo alifariki mapema, Juan akiwa bado mtoto mdogo sana. Kaka yake Luis naye akafa. Mama akahama na wanawe wawili waliobaki, akitafuta kazi mji hadi mji, mpaka wakatulia Medina del Campo, mji uliosifika kwa masoko yake.

Pale kijana Juan alipata kazi katika hospitali ya maskini wenye kaswende. Aliwauguza na kuzunguka mjini akiwaombea sadaka. Naomba uishike picha hiyo. Utakapomsoma akisema roho iachane na kila kitu, usidhani anayesema ni mtu aliyekulia katika vitabu na kuona kinyaa mbele ya miili ya watu. Alikuwa amefunga vidonda kabla hajaandika shairi.

Mwaka 1563 alijiunga na Wakarmeli, shirika la watawa wa Kikatoliki, akasoma chuo kikuu cha Salamanca, akapewa upadre mwaka 1567. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 25 na akifikiria kuwaacha Wakarmeli aende kwa Wakartusi wanaoishi kwa ukimya, alikutana na Teresa wa Ávila. Teresa alikuwa na miaka 52 na tayari ameanza kuwarudisha masista Wakarmeli kwenye maisha ya sala na umaskini. Alitaka mapadre wa kufanya vivyo hivyo upande wa wanaume. Juan alikubali, kwa sharti moja: asisubirishwe sana. Tarehe 28 Novemba 1568 nyumba ya kwanza ilifunguliwa Duruelo, kijumba cha shambani, na hapo akachukua jina la Yohane wa Msalaba. Wao ndio walioitwa baadaye Wakarmeli Peku.

Matengenezo hayo yaligawa shirika. Mfalme alitaka hili, wakuu wa shirika lile, balozi wa Papa jingine, na mamlaka zikagongana. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 Wakarmeli wenzake waliotazama matengenezo kama uasi walimkamata Ávila, alikokuwa muungamishi wa masista wa monasteri ya Encarnación. Teresa alimwandikia Mfalme Felipe wa Pili siku mbili baadaye, akisema kwa uchungu kwamba ni heri angeona ndugu hao mikononi mwa Wamori, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini, pengine wangehurumiwa zaidi. Hakuna kilichosaidia. Yohane alipelekwa Toledo na kufungwa katika konventi ya shirika lake mwenyewe.

Tukae hapo kidogo, maana ndipo jibu lako lilipo.

Chumba kilikuwa cha upana wa kama mita 2 na urefu wa mita 3 hivi. Hakikuwa na dirisha, ila mwanya mwembamba juu karibu na dari. Ili asome sala zake za siku alisimama juu ya kibao, saa ya mchana, ambapo mwanga kidogo uliingia. Chakula kilikuwa mkate, maji na mabaki ya samaki. Alitolewa mara kwa mara kwenda kwenye ukumbi wa kulia, akapiga magoti katikati ya ndugu waliokuwa wakila, akachapwa mijeledi mgongoni. Majira ya baridi yalimkuta humo, na joto la kiangazi likamkuta humohumo, katika kanzu ileile. Miezi ikapita hivyo, mpaka akapewa mlinzi mwingine, kijana mwenye huruma, aliyempatia karatasi na wino.

Akaandika nini? Wengine tungeandika malalamiko, na tungekuwa na haki. Yeye aliandika nyimbo za mapenzi. Beti za kwanza za Wimbo wa Kiroho, ambamo bibi arusi anamtafuta mpenzi wake akiwauliza wachungaji na misitu kama wamemwona apite, zilitungwa ndani ya kile chumba. Na utenzi mwingine juu ya chemchemi iliyofichika, ambao kila ubeti wake huishia kwa maneno yanayosema "ijapokuwa ni usiku". Anaijua chemchemi, anajua inakotiririka, ijapokuwa ni usiku. Mimi nimefundisha utenzi huo miaka mingi na bado siwezi kuusoma kwa sauti bila kusimama katikati.

Agosti mwaka 1578, baada ya kama miezi tisa, alilegeza kufuli la mlango kidogokidogo, akapasua mablanketi kuwa vipande, akavifunga kuwa kamba, akashuka ukutani usiku. Alikimbilia kwa masista wa Teresa waliokuwa mjini humo, nao wakamficha.

Shairi la *Usiku wa Giza* alilitunga muda si mrefu baada ya kutoroka. Lina beti 8, kila ubeti mistari 5. Nakutafsiria ubeti wa kwanza kama niwezavyo:

*Usiku mmoja wa giza,*
*kwa shauku, nikiwaka mapenzi,*
*ee bahati iliyoje!*
*nilitoka nisionekane,*
*nyumba yangu ikiwa imetulia.*

Kwa Kihispania anayesema ni mwanamke. Lugha yetu haina namna ya kuonyesha hilo katika kitenzi, kwa hiyo nakuambia mimi. Ni mwanamke anayetoroka nyumbani usiku kwenda kukutana na mpenzi wake. Giza linamsitiri. Baadaye anasema: "Ee usiku ulioniongoza, ee usiku upendezao kuliko alfajiri!" Na mwishoni amelaza uso wake kifuani pa Mpendwa, kila kitu kimekoma, na wasiwasi wake ameuacha umesahaulika katikati ya nyinyoro. Msomaji wa Wimbo Ulio Bora atalitambua ua hilo mara moja.

Unaona basi kwamba katika shairi lenyewe usiku si adui. Anayelalamika ni nani humo? Hakuna. Huo ndio usiku wa Yohane: giza ambalo mtu anapita akielekea kwa anayempenda. Giza ambalo halina Mpendwa upande wa pili hakuliita hivyo.

Kisha masista na ndugu wakamwomba alieleze shairi. Akaandika vitabu viwili juu ya shairi moja, *Mpando wa Mlima Karmeli* na *Usiku wa Giza*, na hakuna alichokimaliza. Maelezo ya *Usiku* yanakatika pale anapoanza ubeti wa tatu. Kwa ajili ya Sista Ana wa Yesu alieleza *Wimbo wa Kiroho*, na kwa ajili ya mjane mmoja, Ana de Peñalosa, aliandika *Mwali Hai wa Upendo* ndani ya siku kama 15 tu, akiwa na kazi tele za uongozi huko Granada. Vitabu vyote hivi alivitoa mtu aliyeombwa na watu wa karibu, wengi wao wanawake, waliotaka kujua kinachowapata katika sala. Na wewe umeuliza swali lao.

Sasa maana. Yohane anatofautisha usiku wa hisi na usiku wa roho. Ule wa kwanza, anasema, ni wa kawaida na huwapata wengi walioanza sala kwa bidii. Wa pili ni wa wachache sana. Kwa hiyo rafiki yako alipokuambia "usiku wa roho" alikurusha mbali mno kwa pigo moja. Hata kama ni usiku, una kila sababu ya kudhani ni huu wa kwanza, na huu ndio ninaoueleza hapa.

Mwanzoni, anasema, Mungu humtendea mtu kama mama mwenye mtoto mchanga: humpasha joto kwa kifua chake, humlisha maziwa matamu, humbeba mikononi. Mtoto akikua, mama hupaka shubiri kwenye ziwa, humshusha chini na kumwacha atembee. (Neno alilotumia Yohane ni *acíbar*, ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu, shubiri yetu ina asili hiyohiyo.) Mtoto analia na kudhani mama amebadilika. Mama hajabadilika, mtoto amefika umri wa kutembea.

Na kwa nini aachishwe? Sura za 2 hadi 7 za kitabu cha kwanza cha *Usiku* zinaeleza makosa ya wanaoanza, na zitakuchoma, kama zinavyonichoma mimi kila mwaka. Mtu anaipenda sala kwa sababu ya utamu wake. Anajiona bora kuliko wengine. Anabadilisha waungamishi mpaka ampate anayemsifu. Anakusanya misalaba na rozari za kila aina. Hapo Yohane anasimulia kwamba alimfahamu mtu aliyetumia zaidi ya miaka 10 msalaba uliotengenezwa vivi hivi kwa tawi lililobarikiwa, ukashikizwa kwa pini iliyopindwa, na mwingine aliyesali kwa shanga za mifupa ya samaki. Anasema sala zao hazikuwa na thamani ndogo kwa sababu hiyo. Mungu akiukausha utamu, hamuadhibu mtu. Anamtoa kwenye kupenda peremende ya sala ili ampende Yeye.

Lakini ukavu una sababu nyingi. Yohane alilijua hili kuliko wengi wanaomnukuu, ndiyo maana katika sura ya 9 ametoa alama tatu, na anataka zote tatu zikutane.

Ya kwanza: hupati ladha katika mambo ya Mungu, na hupati ladha katika vitu vingine pia. Ukiona sala ni kavu lakini simu, maongezi na starehe bado ni tamu kweli kweli, huo si usiku, ni moyo uliohamia kwingine. Dawa yake ni kurudi.

Ya pili: unamkumbuka Mungu mara kwa mara kwa uchungu na wasiwasi, ukidhani humtumikii, ukidhani unarudi nyuma. Mtu aliyepoa hajali. Wewe umeniandikia barua ndefu kuliko niliyoiweka hapo juu, na karibu kila mstari wake unajali. Sikupi hukumu, ila nimeiona.

Ya tatu: huwezi tena kutafakari kwa kujenga picha akilini na kutoa mawazo moja baada ya jingine, hata ukijitahidi. Unaanza tukio la Injili, picha inakufa mkononi. Katika *Mpando* anaongeza jambo ambalo anasema ndilo la hakika kuliko yote: mtu huyo hupenda kukaa peke yake, akimwangalia Mungu kwa upendo tu, bila maneno, na katika kukaa huko kuna utulivu fulani, mwembamba sana kiasi kwamba mwanzoni hautambui. Hiyo ndiyo wanayoiita sala ya taamuli. Jiulize basi: ukiiweka rozari kando ukakaa kimya tu mbele za Mungu kwa robo saa, unatapatapa utoke, au kuna kitu kinachokuambia baki?

Sasa sonona. Yohane anasema wazi kwamba ukavu unaweza kutokana na melankolia, na kwamba kama ni ugonjwa peke yake, yote huishia katika kuchukizwa na kudhoofika mwili, bila ile hamu ya kumtumikia Mungu. Anasema pia kwamba viwili vinaweza kutokea pamoja: mtu awe katika usiku wa hisi na huzuni ya mwili ikamzidishia, na utakaso bado ukafanya kazi yake. Kwa hiyo usimchague rafiki mmoja ukamwacha mwingine. Kama usingizi umekimbia, chakula hakipiti, kazi zimekushinda, kulia hakuishi, au umewahi kuwaza ni heri usingekuwepo, mwone daktari wiki hii, tena umwambie ukweli wote. Kumtumia Yohane kama kisingizio cha kutotibiwa ni kumgeuza kinyume. Alikuwa muuguzi kabla ya kuwa padre.

Na umtafute pia mtu mzima wa kukusikiliza mambo ya sala, asiye na haraka. Katika *Mwali Hai* Yohane anawakasirikia waelekezi wasiojua kitu isipokuwa kupiga nyundo kama mhunzi. Roho imeanza kutulia mbele za Mungu, mwelekezi anailazimisha irudi kwenye kazi za mwanzo: "Tafakari zaidi, jitahidi zaidi, huko ni uvivu." Kurasa hizo ni kali kuliko zote alizowahi kuandika. Ukimpata mwelekezi wa namna hiyo, una ruhusa ya Yohane kumuaga kwa heshima.

Hadi hapo, ushauri wake wa sura ya 10 unatosha: usijilazimishe kutafakari, usiache sala, kaa kwa utulivu hata ukiona unapoteza muda. Anatoa mfano wa mchoraji anayechora uso wa mtu. Aliyeketi akigeukageuka ili afanye lolote, mchoraji hawezi kumaliza, na kazi inaharibika. Rozari usiitupe. Kama leo unaweza fungu moja tu, sema fungu moja polepole, kisha nyamaza.

Miaka yake ya mwisho nitaipitia haraka, ila usiikose. Mwaka 1591 wenzake wa matengenezo, si wale maadui wa zamani, walimwondolea nyadhifa zote, na kuna aliyezunguka akikusanya maneno ya kumchafua. Tarehe 6 Julai mwaka huo alimwandikia sista mmoja aliyeumia kwa ajili yake kwamba pasipo upendo aweke upendo, naye atavuna upendo. Mguu ukamvimba, homa ikapanda. Akapewa kuchagua kwenda kutibiwa Baeza, alikokuwa na marafiki, au Úbeda, asikojulikana. Akachagua Úbeda. Mkuu wa nyumba hiyo hakumpenda na alimhesabia gharama ya matibabu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba waliokuwa karibu naye walianza kusoma sala za wanaokufa. Akawaomba wasome Wimbo Ulio Bora. Alifariki saa sita usiku, akiwa na miaka 49. Vitabu vyake vilichapwa mara ya kwanza mwaka 1618, bila *Wimbo wa Kiroho*. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1726 na Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa linayaheshimu kwa namna ya pekee, mwaka 1926.

Uanzie wapi? Usianze na *Mpando wa Mlima Karmeli*. Najua wengi huanzia hapo kwa kuwa ndicho kinachotangulia katika mkusanyo wa maandishi yake, halafu wanakutana na sura baada ya sura za kukana hiki na kile, wanamwona mkatili, wanamfunga. Anza na shairi la *Usiku*, beti zote 8, usome kwa sauti usiku, taa zote za nyumba zikiwa zimezimwa isipokuwa moja. Lirudie kwa juma zima bila maelezo yoyote. Kisha uende kwenye kitabu cha kwanza cha *Usiku wa Giza*, sura za 8, 9 na 10 tu; ni kurasa chache. Soma na kalamu, na kando ya kila alama kati ya zile tatu uandike kwa ukweli ndiyo, hapana au sijui. Karatasi hiyo mpelekee huyo atakayekusikiliza. Na kama utaona inafaa, niandikie tena mimi, tuanzie kwenye zile ulizoandika sijui.